Aliyeitikia Jina la Kaka Yake

Mwanangu,

Salamu utazipata kesho kwa mdomo wangu, mbele ya mama yako na wapagazi. Karatasi hii nimeiweka kwa yale ambayo mdomo wangu utayakwepa. Habari za blanketi, za maji ya kuchemsha na za kutomwazima mtu viatu mama yako ameshakueleza mpaka umechoka, kwa hiyo siyarudii.

Nataka kukueleza habari za mtu utakayetembea naye mpaka Moshi, kwenye gari la moshi. Wewe unamjua kama mtu wa kuni. Umemwamkia kila asubuhi tangu ulipojua kusema shikamoo, lakini hujawahi kumsikia mtu yeyote hapa bomani akimwita jina. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini, nami nikakutuma ukanichotee maji. Leo nakujibu.

Nilikuja Arusha kutoka shule ya Tanga, hiyo hiyo unayoiendea, nikiwa kijana ambaye bado hajaoa. Nilikuja na hofu yangu tayari. Katika boma la kwanza nililopangwa, kabla ya hili la Arusha, karani mwenzangu aliandika jina la mtu mahali pa jina la mtu mwingine, akalazwa chini akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya watu aliokuwa akiwaandikia. Kitanda chake kilikuwa karibu na changu. Alilala kifudifudi siku nyingi, na kila akipumua nilisikia. Tangu hapo nikawa mtu wa kunakili. Karatasi ambayo mwingine angeiandika mara moja, mimi niliiandika ya kwanza, nikaiandika safi, nikaisoma, nikaona mstari umepinda, nikaanza upya. Mabwana walinisifu. Walisema karani huyu hakosei.

Sasa elewa kazi yenyewe ilivyo, maana huenda na wewe ukaifanya. Kazi nyingi za serikali hapa zilifanywa kwa nguvu, watu wakitolewa vijijini na askari. Lakini zilikuwepo kazi za kandarasi: mtu mwenye ng'ombe na vijana wake anapatana na boma kuleta mawe, au chokaa, au miti ya daraja, kwa malipo. Akimaliza, bwana mmoja huenda kuitazama kazi na kuikubali. Karani huandika hati. Bwana Mkubwa hutia sahihi. Halafu siku ya malipo jina la mwenye kazi huitwa kwa sauti kutoka mezani, naye mwenyewe huitikia, huja mbele, huweka alama yake na kupokea. Lazima awe yeye mwenyewe. Na kila mwaka, mawingu ya masika yanapoanza kukaa juu ya Meru, hesabu hufungwa. Fedha ambayo haijalipwa hurudi Dar es Salaam, na sijawahi kuona iliyorudi huko ikapanda tena huku.

Mawe ya daraja la mto Themi yaliletwa na Mwarusha mmoja wa upande wa Engutoto. Sitaandika jina lake, na sababu utaiona. Alikuwa mrefu, sikio moja limechanika, na alikuwa amefuata misafara ya wafanyabiashara ujanani, kwa hiyo Kiswahili chake kilikwenda mbio kuliko changu. Ng'ombe wa kuburuta mawe aliwaazima kwa majirani. Vijana wa kuyavunja aliwachukua kwa ahadi ya malipo. Kazi ikaisha mapema, bwana akaitazama, akaikubali. Ikabaki hati yangu.

Kila siku ya soko alipita kwenye baraza langu.

“Karani, hiyo kalamu yako ina mimba ya miezi mingapi?”

“Subiri kidogo, mzee. Nanakili upya.”

“Kuna ng'ombe wangu alishika mimba siku moja na kalamu yako. Ameshazaa. Ndama anakula majani sasa.”

Askari wa mlangoni walicheka, nami nikacheka. Soko lililofuata akaniambia, “Nimekuletea kamba. Labda tuivute hiyo karatasi, imekwama tumboni.” Nikacheka tena, nikainamia meza. Mwanangu, hati yake haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa na doa dogo la wino pembeni, kisha nakala iliyofuata ilikuwa na neno lililosogea. Nilikuwa naogopa kiboko ambacho hakikuwa kimeinuliwa na mtu, na aliyengoja ni yeye, si mimi.

Akashikwa na homa ya kifua. Siku hati ilipokuwa safi kabisa, imekaa mezani ikingoja sahihi, askari mmoja aliniambia kwamba mwenye mawe hayupo tena.

Watu wake hawalitaji jina la mtu aliyekufa. Hata kama jina hilo ni pia jina la kitu cha kila siku, hicho kitu hutafutiwa neno jingine katika nyumba ile. Mimi desturi hiyo niliijua kama mtu anavyojua habari za nchi ya mbali. Niliwahi kuisikia, nikaona ni jambo lao.

Mjane wake alikuja bomani pamoja na mdogo wa marehemu. Huyo mdogo ndiye unayemjua. Wakati ule alikuwa kijana wa makamo yangu, mzito wa maneno, mtu wa ng'ombe tu. Hakuwa amewahi kuvuka lango la boma. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, neno hapa neno pale, na aliyabeba hayo maneno kama mtu anayebeba vyombo vya wenyewe.

Mjane alisema, “Wale vijana wanakaa mlangoni kwangu. Hawasemi kitu. Wanakuja asubuhi, wanakaa, jioni wanaondoka.”

Nilijua hesabu zinakaribia kufungwa. Kama ningeandika kwamba mwenye kazi amekufa, hati ingeanza upya, pangetakiwa shauri la urithi, mashahidi, mkalimani, na masika yangetukuta bado tunaulizana. Wale vijana, wenye ng'ombe, mjane na watoto wake, wote wangetoka mikono mitupu, na chanzo ni mstari uliopinda. Kwa hiyo mimi niliyeogopa kosa la wino nikapanga udanganyifu mzima, kwa moyo mwema kabisa.

Nilimwambia yule mdogo, “Bwana Mkubwa huyu ni mgeni, hakumwona kaka yako. Simama uani siku ya malipo. Nitaita, utaitikia, utaweka alama.”

“Utaita nani?”

“Kaka yako.”

Aliutazama mkono wangu, si uso. “Hakuna mtu wa jina hilo.”

“Kwenye karatasi yupo.”

Walizungumza wao kwa wao kwa Kimaa, lugha yao, muda mrefu. Mjane hakumlazimisha, namkumbuka alivyokuwa akitikisa kichwa polepole. Mwisho yeye mwenyewe akaniuliza, “Vijana watapata?”

“Watapata wote.”

“Na mimi nitarudi?”

Nilidhani anauliza kama atafungwa. Nikamwambia asiogope, atarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Siku ya malipo ilikuwa mchana mkali, wa jua lisilo na upepo. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Ua umejaa: wenye kuni, wenye maziwa, Wameru walioleta ndizi za askari, Waarusha kwa makumi wakingoja mambo yao. Mama yako hakuwepo. Alikuwa kwao Nkoaranga na wewe mgongoni, hujaanza hata kutambaa. Nakuomba ulikumbuke hilo.

Nikaita jina.

Huwa kuna kelele uani hata watu wakinyamaza, mtu anakohoa, mbuzi analia. Siku ile nilisikia nzi kwenye kibuyu cha maziwa. Mzee mmoja aliyekuwa karibu na baraza alijifunika shuka usoni. Kina mama wa Kiarusha waliokuwa wamekaa chini waliinuka bila kuangaliana, wakaanza kutoka langoni, wakiacha vibuyu vyao pale pale. Bwana Mkubwa akaniambia niite tena, kwa nguvu. Nikaita tena, kwa sauti yangu ya shule, nikitamka vizuri kila silabi.

Yule mdogo alikuwa amesimama ukutani, ameinamisha kichwa. Akainua uso. Akaja mbele kwa hatua ndefu ambazo sikuwahi kuziona kwake, akaegemea meza kwa kiwiko, akasema kwa Kiswahili kilichokwenda mbio:

“Niko hapa. Karani, kumbe imezaa?”

Bwana Mkubwa hakuelewa, akasukuma karatasi. Mimi ndiye niliyeelewa. Nimejiambia mara nyingi kwamba marehemu alikuwa akirudi nyumbani na kusimulia mizaha yake, na mdogo wake akaikariri kwa sababu ya woga. Huenda ni hivyo. Lakini aliweka alama kwa mkono wa kushoto, kama kaka yake alivyoshika kila kitu, na mimi nilikuwa nimemwona mdogo huyu akifunga lubega yake kwa mkono wa kulia.

Malipo yalikwenda sawasawa. Yalikwenda kwa wakati, kabla ya hesabu kufungwa, na kila kijana alipata chake. Niliwaona nje ya lango wakizisugua zile rupia kwa majani mabichi kabla ya kuzifunga nguoni. Waliokuwa wakimdai mjane wakaacha kukaa mlangoni pake. Kama ungeniuliza siku ile, ningesema nimewasaidia. Hata leo, ukiniuliza, bado nitasema hivyo, lakini nitasema taratibu.

Yeye alirudi nyumbani siku hiyo hiyo, kama nilivyoahidi. Hakuna aliyemwita. Sisemi walimfukuza. Mama yake alimwekea chakula mahali pake, lakini aliweka na kuondoka, bila kusema njoo ule. Wenziwe wa rika walipopita kumchukua kwenda kunywesha mifugo, walisimama nje wakapiga mluzi, na mluzi ule ulikuwa wa kuita mbwa. Jina lake mwenyewe lilikuwepo, hakuna aliyelikataza. Lakini kila aliyelifungua mdomoni aliogopa atakayegeuka. Baada ya miezi michache akahamia bomani, akaanza kupasua kuni za jikoni, na mpishi akamwita Wewe. Hilo limemtosha mpaka leo.

Mimi nilijaribu mara moja. Alikuwa amenipa mgongo, anapasua gogo, nikamwita jina lake nyuma yake. Shoka halikusita. Nikaita tena, hakugeuka. Siku nyingine bwana mgeni alikuwa akisoma mafaili ya zamani barazani, kwa sauti, kujifunza matamshi. Akasoma jina la yule mwingine. Shoka likasimama hewani. Sikungoja kuona uso, niliingia ndani nikafunga mlango.

Na wewe unajua zaidi kuliko unavyodhani. Ulipokuwa unaanza kusema vizuri ulikuja ukaniambia, “Baba, kule kwenye banda la kuni kuna watu wawili wanabishana.” Nikakuuliza wanabishana nini. Ukasema mmoja anasema Kimaa, hukumsikia vizuri, mwingine anasema Kiswahili, anacheka, anasema mawe bado hayajatosha. Nilikwenda mwenyewe. Alikuwemo yeye peke yake, amekaa juu ya gogo, analia bila sauti. Nilirudi nikaendelea na kazi. Hapo ndipo ninapojilaumu kuliko pale mezani. Mezani nilikuwa mjinga. Bandani nilikuwa nimeshajua, na nikageuka.

Kilichobadilika kwangu ni kazi tu. Tangu mwaka ule, mtu wa kandarasi akimaliza, naandika hati siku hiyo hiyo, yenye madoa na yote, namfuata bwana mpaka huko huko kazini, atie sahihi juu ya goti lake. Nimetukanwa kwa ajili hiyo. Nimepigwa kofi mara moja, kofia ikaanguka, watu wakacheka. Jioni yake wachoma chokaa wa Kikatiti walilipwa wote, wakanunua chumvi, wakaenda makwao. Uso ulinichoma siku mbili. Ni kitu kidogo sana, mwanangu, nilitamani mtu angeniambia mapema jinsi kilivyo kidogo. Utakapokaa kwenye meza kama yangu utaona watu wakikutania. Anayekutania ameshakuja mara nyingi. Mtazame vizuri siku hiyo, usicheke tu.

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe.

Juzi sokoni mama wa ndugu hao wawili alinijia. Amezeeka sana. Hakuwa amesema nami tangu siku ile. Alisimama mbele yangu akasema, “Nasikia mwanao anakwenda pwani.”

“Ndiyo, mama.”

“Alikuwa wapi siku uliyoita?”

“Nkoaranga, mgongoni mwa mama yake.”

Akafikiri. “Sisi tuliokuwepo, au tuliokaa na waliokuwepo, masikio yetu yameshaharibika. Tukimwita, tunasikia wawili. Mtoto wako hana hilo sikio. Amwite yeye, mbali na hapa, mahali ambapo hakuna anayemjua yule mwingine. Na wewe usiwepo.” Kisha akanitemea mate kifuani kidogo, kama wanavyowabariki watoto wao, akaondoka kabla sijajibu. Sijui kama ni desturi yao au ni mawazo ya mama tu. Nilimwuliza mzee mmoja wa Kiarusha, akaniambia hajawahi kuisikia, lakini pia hajawahi kusikia mtu akifanya nilichofanya mimi.

Jana mtu wa kuni alikuja barazani. Hajawahi kuja mwenyewe. Alisema kwa yale maneno yake ya kuokoteza, “Nitabeba sanduku la mtoto. Mpaka Moshi.” Nikamwambia wapagazi wapo. Akasema, “Nitabeba.” Alikuwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili, na nilishindwa kutambua anautegemea upi.

Nimefikiri nikuzuie usiende naye. Mama yako hajui habari hii yote, angekataa, na asingekuwa amekosea. Mimi ni baba mwoga, unajua. Lakini mtu yule alisimama kwenye ule ua kwa sababu ya vijana wa watu wengine na kwa sababu mimi nilimwambia atarudi. Hana mahali pengine pa kudai. Anachodai hakiko katika sanduku la serikali, na siku zake zinapita kama zilivyopita za kaka yake mbele ya baraza langu. Sitaki nianze kunakili tena.

Kwa hiyo nakuomba, sikuamuru. Mkishapita Kikatiti, mkishafika mahali ambapo watu wa njiani ni Wachaga na wapita njia tu, mwache atangulie kidogo na sanduku. Kusiwe usiku. Mwite jina lake mara moja, kwa sauti unayonisalimia mimi asubuhi. Jina lake ni Sironga. Nimeliandika vizuri, lisome mara kadhaa kabla hujaondoka, lakini usilisome kwa sauti ndani ya nyumba hii.

Akiitikia, tembea naye. Mwulize habari za ng'ombe, anazijua, na huenda amesahau kwamba anazijua. Asipoitikia, usimlazimishe, wala usimkasirikie. Na ukiona moyo wako unakataa kumwita, mwanangu, acha. Mwambie asante kwa sanduku, ushike mkono wa mpagazi mkubwa, uende zako shuleni. Nitakuwa baba yako vilevile, na deni litabaki pale lilipo, kwangu.

Kesho nitakuaga langoni kwa maneno machache, nitatazama sana kamba za mizigo. Usidhani sina la kusema. Nitawatazama mkivuka daraja la Themi, na hapo nitarudi mezani, maana kuna mtu wa nguzo za simu atakayekuwa akingoja hati yake tangu asubuhi, na nataka aipate kabla ya adhuhuri.

Ukifika Moshi kuna karani wa stesheni, atakupa karatasi na kalamu ukimwambia mimi ni nani. Usiniandikie habari za chakula, wala za gari la moshi. Niandikie umefika na nani.

Baba yako